Mgonjwa Haulizwi Uji: Wenye Kuuguza na Milango ya Huduma katika Kitongoji cha St Marys, Sydney

Leo nitawachukua hadi St Marys, kitongoji kilichoko magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, mahali ambapo mimi mwenyewe naishi, ili tulitazame kwa pamoja jambo ambalo hakuna ukoo usiolijua, nalo ni kuuguza. Sikusudii kuzungumzia maradhi, wala madaktari na dawa zao. Nakusudia kumzungumzia mtu yule anayeketi ubavuni mwa kitanda, anayeamka usiku wa manane mgonjwa akiita, na ambaye asubuhi yake hushika simu na karatasi akitafuta mlango wa kubisha.

St Marys iko umbali wa kilomita 45 hivi kutoka katikati ya Sydney, kwenye njia ya reli inayoelekea Penrith na milima ya Blue Mountains. Ni ardhi ya asili ya watu wa Darug. Barabara yake kuu ya maduka huitwa Queen Street, na wakazi wake ni watu wa kawaida wenye kufanya kazi katika viwanda, maghala, hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Ukisafiri kwa treni katika eneo hili la magharibi, kutoka Blacktown hadi Mount Druitt na kuendelea hadi Penrith, si ajabu kusikia Kiswahili cha Mombasa katika kiti kimoja na Kiswahili cha Bukavu au Bujumbura katika kiti cha pili. Tumefika huku kwa njia mbalimbali: wengine kwa masomo, wengine kwa ndoa, na wengine baada ya miaka mingi katika kambi za wakimbizi. Na sote, tulipofika, tulibeba wazee wetu na watoto wetu, na kwa hiyo tulibeba pia maradhi yao.

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi: mtu akiugua, humwulizi kama anataka kusaidiwa, unampikia ukampelekea. Huo ndio msingi wa malezi yetu. Lakini mimi nimejifunza, tena kwa gharama, kwamba katika nchi hii uji upo, ila ni lazima uuombe, na uuombe kwa jina lake, katika dirisha lake, na kwa maneno ambayo ulimi wetu ulifundishwa kuyaficha.

Naomba niwasimulie.

Katika majira ya baridi ya mwaka 2019, mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 73 wakati huo, alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Siku ya nne hospitalini alikuja ofisa mmoja wa ustawi wa jamii, kijana mpole mwenye faili mkononi, akaniuliza: je, wewe ndiye carer wa mama huyu? Nami nikamjibu bila kusita: hapana, mimi ni bintiye.

Nilidhani nimejibu kwa usahihi kabisa. Kumbe kwa jibu hilo nilikuwa nimejifungia mlango wa kwanza. Katika fomu ya kijana yule palikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwenye kuuguza, na nafasi hiyo ikabaki tupu. Tuliporudi nyumbani hakuna aliyenipigia simu kuniuliza hali yangu, hakuna aliyenieleza kuhusu malipo wala mapumziko, kwa sababu kwa mujibu wa karatasi mtu kama mimi hakuwepo.

Wapenzi wasikilizaji, hebu tulitafakari neno hili kidogo. Katika lugha yetu tunasema fulani anauguza, yaani ana mgonjwa nyumbani. Tulikuwa na neno muuguzi, lakini hospitali zimelichukua, na leo muuguzi ni yule mwenye sare na cheti. Mlezi naye twamjua kuwa ni mwenye kulea mtoto. Hatuna cheo cha mtu anayemwogesha mamake, kwa sababu kwetu hicho si cheo bali ndiyo maana ya kuwa mtoto. Nani atajiita kwa jina la kazi kwa jambo ambalo ni deni lake la tangu kuzaliwa?

Sheria ya Australia, hata hivyo, inalo jina hilo, tena imelieleza. Mwaka 2010 Bunge la nchi hii lilipitisha sheria ya kuwatambua wenye kuuguza, na katika mwaka huohuo jimbo la New South Wales likapitisha ya kwake. Sheria ya taifa inasema kwamba mwenye kuuguza ni yule anayempa huduma na msaada mtu mwenye ulemavu, au maradhi, au ugonjwa wa akili, au mzee aliyedhoofika. Na kwamba anayeajiriwa kwa kazi hiyo hahesabiwi humo. Imeweka pia misingi kumi, mmojawapo ukiwa kwamba mwenye kuuguza aheshimiwe kuwa mtu mwenye mahitaji yake mwenyewe, ndani na nje ya kazi hiyo ya kuuguza. Ni maneno mazuri. Lakini msikilizaji afahamu kwamba sheria hiyo yenyewe inatamka kwamba haimpi mtu haki ambayo anaweza kuidai mahakamani. Inakutambua, lakini haikushiki mkono.

Na hatuzungumzii watu wachache. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Idara ya Takwimu ya Australia wa mwaka 2022, watu milioni 3 nchini humo walikuwa wakiuguza jamaa au rafiki, yaani takriban 12 katika kila watu mia, na miongoni mwao milioni 1.2 ndio waliobeba mzigo mkuu. Ripoti iliyoandaliwa na kampuni ya Deloitte Access Economics mwaka 2020 ilikadiria kwamba kama kazi yao ingelazimika kufanywa na watu wa kulipwa, gharama yake ingefikia dola bilioni 77.9 za Australia kwa mwaka. Hiyo ndiyo thamani ya uji usioulizwa.

Sasa tuitazame milango yenyewe, kwani mgeni anayefika hapa hudhani kwamba serikali ni moja na ofisi ni moja. Sivyo.

Mlango wa kwanza ni hospitali, nao uko chini ya jimbo. St Marys imo katika manispaa ya Penrith, na huduma zake za afya zimo katika wilaya ya Nepean na Blue Mountains, ambayo hospitali yake kubwa, Nepean Hospital, iko Kingswood. Lakini ukipanda treni kuelekea mashariki, kituo kinachofuata ni Mount Druitt, na hapo umeshaingia manispaa ya Blacktown na wilaya nyingine ya afya. Kwa dharura utapokelewa popote. Ama zile huduma zinazomfuata mgonjwa nyumbani, kwa kawaida hutegemea anwani. Ndugu wawili wanaoishi mwendo wa dakika chache tu wanaweza kuwa na nambari tofauti za kupiga, na ushauri aliopewa mmoja usimfae mwenzake.

Mlango wa pili ni wa wazee, unaoitwa My Aged Care, ulioanzishwa mwaka 2013 na ulio chini ya serikali ya taifa. Mlango wa tatu ni wa watu wenye ulemavu, yaani Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, unaojulikana kwa herufi zake NDIS, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2013. Kati ya milango hii miwili upo mpaka wa umri: anayetaka kuingia NDIS lazima aombe kabla ya kutimiza miaka 65. Mtu akipatwa na kiharusi akiwa na miaka 64 ana mlango mmoja. Akipatwa na kiharusi kilekile akiwa na miaka 66 ana mlango mwingine, wenye masharti mengine na foleni nyingine. Mlango wa nne ni Centrelink, wanakolipa fedha. Kila mlango una fomu yake, na kila fomu huanza kwa kukuuliza upya jina la mgonjwa, tarehe aliyozaliwa na maradhi yake. Anayeyakumbuka yote, anayeyabeba kutoka dirisha hadi dirisha, ni yule mwenye kuuguza. Yeye ndiye faili.

Wasikilizaji wapenzi, nimesema kwamba jibu langu la kwanza lilinifungia mlango. Lakini kosa lililonigharimu zaidi lilikuja miezi miwili baadaye, na ndilo hasa lililonifanya nikubali kuzungumza nanyi leo.

Ilikuwa mwezi Oktoba mwaka 2019. Tuliarifiwa kwamba mtathmini angekuja nyumbani kuangalia mama anahitaji msaada gani. Nyumba ikafagiliwa ikang'aa. Mama akavaa leso mpya aliyoletewa kutoka Mombasa, nikampaka wanja, nikamketisha kwenye kiti chema. Nikapika mahamri, nikachemsha chai ya iliki. Mgeni alipoingia akapokewa kama anavyopokewa mgeni. Akauliza: mama, unaendeleaje? Mama akasema: sijambo, alhamdulillahi. Unaweza kuoga mwenyewe? Naweza, kwa uwezo wa Mungu. Usiku unalala vyema? Nalala. Kisha akanigeukia mimi: nawe, binti, unamudu? Nikatabasamu nikamjibu kwamba huyu ni mama yangu, hapana taabu yoyote.

Kila neno tulilosema lilikuwa adabu, na mtathmini aliyaandika yote kuwa ni ukweli. Hakuwa mtu mbaya. Alifuata alichokiona: nyumba safi, mzee nadhifu, binti mwenye furaha. Hakuona kwamba kumvika mama ile leso kulinichukua saa nzima. Hakujua kwamba usiku uliopita nilibadilisha shuka mara tatu, kwamba mama alikwisha kuanguka bafuni mara mbili, na kwamba mimi nilikuwa nimeacha zamu zangu za usiku kazini kwa hofu ya kumwacha peke yake. Wiki chache baadaye barua ikaja: tumepewa mtu wa kusafisha nyumba, mara moja kila baada ya wiki mbili. Kusafisha nyumba! Kitu pekee ambacho tulikuwa tumemwonyesha kwamba tunakiweza.

Nililia jikoni, kisha nikaanza kulaumu. Lakini nilipotulia nilielewa kwamba pale sebuleni zilikutana taratibu mbili zisizojuana. Utaratibu wao hutafuta siku iliyo mbaya kabisa. Heshima yetu humwonyesha mgeni siku iliyo njema kabisa. Wao hupima upungufu. Sisi tumefundishwa kuusitiri. Na stara, wapenzi wasikilizaji, si unafiki. Stara ndiyo iliyobaki kwa mtu ambaye mwili wake umemsaliti. Mama yangu hakudanganya aliposema anaoga mwenyewe. Alikuwa anailinda ile sehemu yake ambayo kiharusi hakikuigusa.

Hata hivyo wahenga haohao waliotufundisha stara walituonya pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi Februari mwaka 2020 mama alianguka kwa mara ya tatu, akaumia nyonga. Nikapiga simu nikaomba tathmini mpya. Safari hii nilikaa wiki nzima nikiandika katika daftari la shule la mwanangu: saa nane usiku, ameamka, nimembadilisha, saa kumi, ameita, hakunitambua, saa mbili asubuhi, nimemlisha, amepaliwa. Mtathmini alipokuja, nilimkabidhi daftari. Naye, kwa sababu ilikuwa lazima, alisoma baadhi ya mambo kwa sauti ili athibitishe. Mama alisikia.

Mgeni alipoondoka mama aliniambia: mwanangu, leo umenivua nguo mbele ya mtu nisiyemjua.

Sikuwa na jibu wakati ule, na sina uhakika kama ninalo leo. Ninachokijua ni kwamba tathmini ile ilitupatia idhini ya msaada wa kiwango cha juu, na kwamba tuliingoja zaidi ya miezi tisa kabla ya kuupata. Nasi tulikuwa na bahati. Tume ya Kifalme iliyochunguza huduma za wazee ilieleza katika ripoti yake ya awali ya Oktoba 2019 kwamba watu zaidi ya 16,000 walikufa katika mwaka wa 2017 hadi 2018 wakiwa bado wanangoja msaada wa nyumbani ambao walikwisha kuidhinishiwa. Ripoti ya mwisho ya Tume hiyo, iliyotolewa Machi 2021, ilikuwa na mapendekezo 148, na matokeo yake mojawapo ni sheria mpya ya huduma za wazee iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2025, pamoja na mpango mpya wa msaada wa nyumbani uitwao Support at Home, wenye madaraja manane. Sheria imebadilika. Lakini msingi haukubadilika: kiasi cha msaada hutokana na kile kilichosemwa na kuonekana siku ya tathmini.

Kuna namna ya kusema ukweli bila kumvunjia mzee heshima, nami natamani ningeambiwa mapema. Unaweza kuomba kuzungumza na mtathmini kando, kwa simu kabla ya siku yenyewe au baada ya kikao. Unaweza kumpa maandishi na kumwomba asiyasome mbele ya mgonjwa. Na unaweza, kabla ya yote, kuketi na mzee wako ukamwambia: mama, kesho nitasema mambo mazito, si kwa kukuaibisha, bali ili nipate nguvu ya kuendelea kukutunza. Mimi sikumwambia. Nilidhani namlinda.

Suala la lugha nalo linastahili kusemwa. Pale hospitalini, katika siku zile za mwanzo, mkalimani wetu alikuwa ni mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 12. Alijua Kiingereza kuliko mimi na Kiswahili cha kutosha kumwamkia bibi yake. Daktari alipouliza kuhusu choo na mkojo, mtoto aliona haya, akanyamaza, kisha akasema: bibi yuko sawa. Utaratibu wa afya wa New South Wales unawataka wafanyakazi watumie wakalimani wenye sifa, wala wasitegemee jamaa, na huduma hiyo katika hospitali za umma ni bure. Nje ya hospitali ipo huduma ya taifa ya wakalimani kwa simu, nambari 131 450. Na kwa wale wenye kuchelea kwamba jamii yetu ni ndogo na mkalimani huenda akawa ni mtu wa msikiti wako au kanisa lako, mwaweza kuomba mkalimani wa simu kutoka jimbo lingine, na kutotaja jina la mgonjwa. Mtoto asibebeshwe mwili wa bibi yake.

Hospitali za jimbo hili zina pia mpango uitwao REACH, unaomruhusu mgonjwa au jamaa yake kuomba msaada wa haraka iwapo anaona hali inazidi kuwa mbaya na hasikilizwi. Kwanza huzungumza na muuguzi, kisha huomba mgonjwa atazamwe upya, na asiporidhika hupiga nambari iliyobandikwa ukutani wodini. Wengi wetu tunaiona karatasi hiyo, na tunaona kuitumia ni kumkosea daktari adabu. Sivyo. Imewekwa kwa sababu mwenye kuuguza ndiye anayemjua mgonjwa wake, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuugeukie mlango wa NDIS. Katika eneo letu la Nepean na Blue Mountains mpango huu ulitangulia kuanza kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 18, mnamo Julai 2015. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Kivu Kusini aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ana kijana mwenye mtindio wa ubongo. Katika kikao cha kupanga msaada aliulizwa: nani humgeuza kijana huyu usiku? Akajibu: mimi, ni mwanangu. Nani humbeba kwenda chooni? Mimi na kaka zake. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilipunguza msaada, kwa kuwa sheria ya NDIS inawataka wapangaji wazingatie ni mambo gani yanaweza kutarajiwa kutoka kwa familia. Hakuna aliyemuuliza mgongo wake una hali gani, wala kaka zake wanaamka saa ngapi kwenda shule na kazini.

Jirani huyo baadaye alijifunza kusema sentensi nyingine: ndiyo, ni mimi, lakini siwezi kuendelea hivi, na sababu zake ni hizi. Mwenye kuuguza anayo nafasi ya kupeleka maelezo yake mwenyewe, yaliyoandikwa, kuhusu athari ya kazi hiyo kwake. Na uamuzi usiporidhisha, kuna muda wa miezi mitatu wa kuomba utazamwe upya na shirika lenyewe. Ikishindikana, lipo baraza huru, Administrative Review Tribunal, lililoanza kazi tarehe 14 Oktoba 2024. Watu wa jamii zetu huiogopa hatua hii, wakidhani kwamba kupinga karatasi ya serikali ni kuhatarisha ukaazi. Kuomba uamuzi utazamwe upya ni haki iliyomo ndani ya sheria yenyewe.

Ama kuhusu fedha, nitapita kwa ufupi. Yako malipo ya aina mbili katika Centrelink: Carer Payment, kwa yule ambaye kuuguza kumemzuia kufanya kazi ya kumkimu, na Carer Allowance, ambayo ni nyongeza ndogo kwa anayetoa huduma ya kila siku. Mhamiaji mpya kwa kawaida hungoja miaka minne kabla ya kustahiki ile ya kwanza, lakini wakimbizi wamesamehewa kungoja huko, na wako wasiojua kwamba wamesamehewa. Jambo la kukumbuka ni kwamba hutalipwa kwa miaka ile uliyonyamaza.

Msikilizaji aliyeko Mombasa, Unguja au Goma huenda anasema: ninyi wa ng'ambo mnalalamika huku mna serikali inayolipa. Ana haki ya kusema hivyo. Kenya huwapa wazee waliotimiza miaka 70 walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa umri huo shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na baadaye ikaongeza. Fedha hizo ni za mzee. Binti anayemuuguza hana fomu hata moja yenye nafasi ya jina lake. Lakini kule kuna kitu ambacho huku hakiuzwi dukani, nacho ni mikono. Mama angeugua Mombasa, shangazi angekuja asubuhi, jirani angeleta mchuzi adhuhuri, na wajukuu wangekesha kwa zamu. Kule mikono ni mingi na karatasi ni chache. Huku karatasi ni nyingi, na mikono ni hii yangu miwili.

Ndugu zangu walioko nyumbani hunipigia simu kila Ijumaa. Wananiombea, nami nashukuru. Na kila mara huniusia: usimpeleke mama katika nyumba ya wazee, watu watasemaje? Sikumpeleka. Lakini nawaomba wale wenye jamaa anayeuguza ughaibuni, kabla ya kumuusia, mumuulize amelala saa ngapi. Wasia ni mwepesi kwa aliye mbali na kitanda.

Kwa mwenye kuuguza aliyechoka, ipo huduma iitwayo Carer Gateway, nambari 1800 422 737, inayotoa ushauri nasaha, vikundi vya wenye kuuguza wenzako, na mapumziko, ikiwemo msaada wa dharura pale wewe mwenyewe unapougua. Kwa kuomba huduma hiyo husemi kwamba umeshindwa, na huna haja ya kuwa unapokea malipo ya Centrelink. Nambari ya My Aged Care ni 1800 200 422. Ukipiga nambari yoyote kati ya hizi, sentensi ya kwanza iwe hii: mimi ndiye ninayemuuguza mtu huyu. Isemeni hata kama inawakwaruza kooni. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuisema.

Namalizia kwa mama. Msaada ulipofika mwishoni mwa mwaka 2020, alikuja mwanamke mmoja mara tatu kwa wiki kumwogesha, mtu wa makamo, mwenye mikono ya taratibu. Siku ya kwanza mama aligeuza uso ukutani. Siku ya pili vilevile. Mimi nilikaa nje ya mlango wa bafu, sina la kufanya, kwa mara ya kwanza katika mwaka na nusu. Wiki ya nne au ya tano, mwanamke huyo alichelewa kwa nusu saa kwa sababu ya treni. Mama alitazama saa, akatazama mlango, kisha akaniambia kwa yale maneno yake mazito yaliyobaki: mbona leo amekawia? Nipigie simu nimsikie kama yu salama.

Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe kwa lile daftari, nami sikuwahi kumuuliza. Lakini siku ile nilipiga simu.